Mgonjwa Namba 118 Niliyemtoa Kwenye Ripoti

Kuna mwanamke nilimtoa duniani kwa kubonyeza mara mbili, na nikapigiwa makofi.

Hakufa, tulieni. Ila kwa siku tatu hakuwepo popote. Kwenye karatasi hayumo, getini hajulikani, simu hapigiwi. Na aliyemfanyia hivyo ni mimi, huyuhuyu mnayemwona humu kila siku akijifanya anajua kila kitu.

Nimekaa na hili jambo mwaka mzima. Leo nalitema. Mkitaka kunitukana nitukaneni, nastahili.

Mimi ni fundi wa kompyuta. Wateja wananiita Injinia, japo uinjinia wenyewe sikuusomea popote.

Kuna kliniki moja ya macho nilikuwa naihudumia. Mashine zao zilijaa virusi mpaka zikawa zinawaka kwa dua. Nikazifuta zote, nikaweka Linux, mfumo wa bure usiosumbuliwa sana na virusi. Nikawawekea na programu ya bure ya kutunza taarifa za wagonjwa: jina, simu, jicho gani linaumwa, na kapicha kadogo pembeni. Unabonyeza kitufe kimoja tu, ripoti inatoka kwenye printa imepangika. Kazi hiyo nilijisifia mpaka kwa vinyozi.

Sasa, ile kliniki haina daktari wa upasuaji. Bingwa anakuja mara mbili kwa mwaka, anakaa siku tatu, anawatoa watu mtoto wa jicho, anaondoka. Ukiwemo kwenye ripoti, unapigiwa simu na unapita getini. Usipokuwemo, unangoja miezi sita.

Jumatatu moja asubuhi, siku mbili kabla bingwa hajafika, simu ikaita. Alikuwa Dada wa Masjala, yule anayeandikisha wagonjwa.

"Injinia, ripoti inakufa."

"Inakufaje?"

"Inahesabu ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, halafu puu! Dirisha lote linapotea. Nimejaribu mara sita."

Saa tatu nilikuwa pale. Kachumba ka masjala kana meza mbili, mafaili mpaka kwenye viti, na feni inayozunguka kwa kujivuta. Muuguzi mkuu, tunayemwita Sista, kasimama mlangoni kakunja mikono.

"Saa saba mchana nataka orodha mkononi," akasema. "Watu mia moja na arobaini wapigiwe simu leo."

"Sista, hiyo kazi ya dakika kumi."

Mdomo wangu huu, jamani.

Dakika kumi zikawa saa nzima. Nikazima, nikawasha. Nikabadilisha toleo la Java, ile injini inayoiendesha programu. Nikafuta mipangilio yote ili programu ianze upya. Wapi! Ikifika ukurasa wa nne, puu.

Nikafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, nikaiendesha programu kutoka kule ili niione inakufa ikisema nini. Ikatema mistari kama sitini. Nikasoma mitano ya juu, nikaona ni kelele tu, nikafunga. Mafundi wenzangu najua mmeshaanza kutikisa vichwa.

Basi nikaingia kwenye njia ya kukata. Nikaiambia ripoti ilete watu sabini wa mwanzo, ikatoka safi. Ilete sabini wa mwisho, puu. Hao sabini nikawakata nusu, na nusu tena, mpaka nikabaki na mtu mmoja.

Namba 118.

Mwanamke, miaka sitini na tatu. Majina matatu marefu ya kizamani, ya aina ambayo siku hizi hakuna anayempa mtoto. Nikayasoma kwa sauti, nikaangua kicheko.

"Majina mazito hivi, programu itayabebaje?"

Dada wa Masjala hakucheka. "Mfungue basi tuone ana nini. Hata picha yake haionekani."

"Hakuna muda, dada yangu."

Nikaandika sharti moja dogo: leta wote, isipokuwa 118. Bonyeza, bonyeza. Printa ikaanza kunguruma, watu mia moja thelathini na tisa wakatoka mmoja nyuma ya mwingine. Sista akapiga makofi. Wauguzi wawili waliokuwa koridoni nao wakapiga. Nikaletewa soda baridi.

Dada wa Masjala akachukua kalamu. "Huyu mmoja ngoja nimwandike hapa chini kwa mkono."

Nikamshika mkono. Wallahi, nilimshika mkono.

"Usinichafulie ripoti. Bingwa akiona maandishi ya kalamu atadhani mfumo mbovu. Jioni namtengeneza huyu, nakuletea ukurasa wake."

"Kweli hutasahau?"

"Mimi?"

Nikasahau. Jioni ile nilikuwa kwa mteja mwingine, namsimulia nilivyoiponya ripoti ya kliniki.

Sasa niwaambie kuhusu Mama Mkubwa.

Mama yangu mzazi alifariki nikiwa na miaka mitano. Dada yake ndiye aliyenichukua, akanilea miaka kumi na minne kwa kushona nguo za watu. Kwangu ni Mama Mkubwa. Kwa majirani ni Mama Cherehani. Fomu zangu za shule alisaini marehemu mjomba. Kwenye simu yangu nimemwandika hivyohivyo, Mama Mkubwa. Sijawahi kusikia mtu akimwita vingine, na haikuwahi kunijia kichwani kuuliza.

Miaka miwili alikuwa analalamika kuwa macho yana ukungu. Na mimi wimbo wangu ni mmoja: "Nitakupeleka wiki ijayo, Mama." Ndiyo, mmesoma vizuri. Fundi wa kliniki ya macho, na mama yake haoni.

Siku moja nilimwona mchuuzi barabarani, nikamnunulia miwani ya fremu nyekundu. Kusema ukweli nilimnunulia ili anyamaze. Akanishukuru wiki nzima.

Jumamosi ya wiki ileile ya bingwa, nikaenda kumsalimia.

"Shikamoo, Mama Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Afadhali umekuja. Hebu nitungie uzi."

Cherehani ilikuwa imefunikwa shuka. Siku hizo alikuwa anashona vifungo tu, kwa kupapasa. Nikachukua sindano, nikaulenga uzi kwenye tundu.

"Jana nilikwenda kliniki ya macho," akasema.

Uzi ukapita pembeni.

"Kliniki? Ulikwenda na nani?"

"Jirani alinipeleka kujiandikisha mwezi uliopita. Sikutaja kama nina mtu pale, sikutaka waseme naruka foleni. Na wewe nilitaka ushtukie tu naona. Wakasema nitapigiwa simu kwa namba ya jirani. Kimya. Jana ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya bingwa, nikasema ngoja niende mwenyewe. Mlinzi akapitisha kidole kwenye karatasi mara mbili. Akaniambia, mama, jina lako halimo. Nikakaa kwenye benchi mpaka wanafunga."

Nikauliza kitu ambacho sikuwahi kukiuliza tangu nizaliwe.

"Mama Mkubwa, uliandikishwa kwa jina gani?"

Akayataja. Majina matatu, polepole, kama anajitambulisha kwa mgeni.

Yaleyale.

Niliyacheka majina hayo mbele ya watu, nikanywa na soda juu yake.

Akanigeuzia uso, yale macho yenye weupe yakitafuta nilipokaa. "Hivi mwanangu, wewe si mtu wa kompyuta? Mtu anaweza kutoka kwenye kompyuta hivihivi tu?"

Nafasi ndiyo hiyo, ndugu zangu. Nilipewa mkononi.

Nikajibu, "Ni mitambo tu, Mama. Mitambo haina akili."

"Haya," akasema. "Uzi umepita?"

"Bado."

Jumatatu nikawa mlangoni kwa masjala kabla hawajafungua. Na mpango wangu niwaambie, maana nimeahidi kutema yote: nilitaka nimrudishe kimyakimya, bingwa akija tena nimpeleke mwenyewe, nionekane shujaa. Hata pale bado nilikuwa natafuta sifa.

Nikaifungua namba 118. Nikaiendesha programu kutoka kwenye dirisha jeusi, safari hii nikasoma mpaka mstari wa mwisho kabisa. Ulikuwa umeandikwa wazi: picha ni kubwa mno, kumbukumbu ya mashine haitoshi.

Picha, basi. Picha tu! Wagonjwa wengine wote walipigwa na kamera ndogo ya kliniki. Siku aliyoandikishwa yeye kamera ilikuwa imeisha chaji, wakampiga kwa simu ya jirani, picha ikaingizwa nzimanzima. Kuipunguza kulinichukua sekunde arobaini.

Nikaifungua kuangalia kama imetoka vizuri.

Mama Mkubwa kakaa wima kwenye kiti cha plastiki, kitambaa kichwani, anatabasamu kuelekea upande ambao kamera haikuwepo. Na usoni kavaa ile miwani nyekundu ya barabarani.

Kumbe ningeifungua picha ile Jumatatu ya kwanza, kama nilivyoambiwa, ningeujua ugonjwa wa ripoti na ningemjua mgonjwa, vyote kwa mpigo mmoja.

Dada wa Masjala akaingia, akaona skrini.

"Ahaa. Leo ndiyo umemkumbuka?"

"Ni... nilikuwa..."

"Alikuja Ijumaa. Natoka kufunga ofisi, namkuta bado yuko benchi. Nikamtafuta kwenye kompyuta, nikamwona, lakini bingwa alishafunga vifaa vyake. Nikaona aibu kumdanganya mtu mzima. Nikamwambia, mama, ulikuwemo, fundi wetu alikutoa ili ripoti ipite, akasahau kukurudisha."

"Akasemaje?"

"Akauliza fundi gani. Nikamwambia Injinia, yule mwembamba mwenye mwanya. Halafu akasema, 'Msimfukuze kazi. Atakuja kusema mwenyewe.'"

Nikakaa juu ya mafaili.

Kwa hiyo Jumamosi, nikiwa nimeshika sindano yake, alikuwa anajua. Anauliza huku anajua. Ananingoja niseme, na mimi namjibu mitambo haina akili.

"Yule ni mama yangu," nikamwambia Dada wa Masjala.

"Na ukamcheka jina," akasema, akageuka kupanga mafaili yake. Hakunisemesha tena siku ile.

Nikaenda moja kwa moja kwa Mama Mkubwa. Nilimkuta anakunja nguo za wateja. Hata shikamoo nilisahau.

"Mama, ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Ni mimi niliyekutoa."

Hakunisaidia. Aliacha niseme yote, kuanzia makofi hadi soda, kalamu niliyoizuia, mpaka kicheko. Mficha uchi hazai, wanasema, lakini kuufunua mbele ya aliyekuvisha ndiyo kazi. Nililia makamasi yakanitoka, mtu mzima na ndevu zangu.

Nilipomaliza akasema, "La kompyuta nilishakusamehe palepale benchi. Binadamu anasahau. La Jumamosi ndilo limeniuma. Nilikupa mlango, mwanangu, ukaufunga."

"Nisamehe, Mama."

"Na jina langu lina nini cha kuchekesha?"

"Hamna kitu, Mama."

"Ni jina la bibi yangu. Lile la katikati ni la baba. Hebu yataje."

Nikayataja. Nikakosea la tatu, akanirudisha mwanzo. Nikayataja tena mpaka yakanyooka.

Miezi sita baadaye nikampeleka mwenyewe, kwenye foleni kama watu wote. Jina lake lilikuwa ukurasa wa nne, na picha yake imetulia. Bingwa akamulika jicho la kushoto, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akamulika la kulia. Akalimulika tena.

"Hili limechelewa," akasema. "Presha ya ndani imeshaliharibu. Awamu iliyopita ningeliwahi."

Mama Mkubwa alinitafuta mkono, akaubana. Mimi ndiye niliyetoka nje kushika ukuta.

La kushoto likapasuliwa siku ileile, na kesho yake bandeji ikatolewa. Akanitazama kwa jicho moja, kutoka juu hadi chini, kama fundi anayekagua kazi ya fundi mwenzake.

"Umekonda," akasema. "Na hilo shati nani kakushonea ovyo hivyo?"

Wagonjwa wote wodini wakacheka. Mimi nililia.

Sasa hivi amerudi kwenye cherehani yake, na uzi anatunga mwenyewe, kwa jicho moja. La kulia halikurudi, na halitarudi. Kila akigeuza shingo nzima ili anione nikiwa nimekaa upande ule, mimi huhama kiti bila kusema kitu. Naye hajawahi kunikumbusha hata siku moja.

Ripoti ya kliniki bado inafanya kazi. Nimeongeza mistari mitatu mitupu chini ya ukurasa wa mwisho, ya kuandikia kwa kalamu. Sista aliuliza ya nini. Dada wa Masjala akajibu kabla yangu: "Anajua mwenyewe."

Mafundi wenzangu, someni mpaka mstari wa mwisho. Na huyo mmoja anayewaharibia kazi, mfungueni muone ana nini kabla hamjamtoa. Majuto ni mjukuu, na wangu ninaye.

Ninyi wengine nina swali moja tu. Huyo mama mkubwa wako, huyo bibi yako, huyo aliyekulea, jina lake la kwenye kitambulisho unalijua?

Kamuulize leo. Mimi niliuliza Jumamosi, na bingwa alishaondoka Ijumaa.