Siku Niliyomjibia Kabula

Pamba ikilala ndani muda mrefu hutoa harufu ya vumbi, mafuta ya mbegu na dawa ya wadudu, harufu inayong'ang'ania kooni. Ndivyo kilivyonuka chumba cha mwisho cha shule yetu ya msingi, kijijini upande wa Maswa, miaka ambayo Bariadi haikuwa bado makao ya mkoa wowote. Kilikuwa ghala la chama cha ushirika kabla ya kupewa shule, na shule, isijue la kufanya nacho, ikakiita darasa maalumu. Humo walisoma pamoja msichana asiyeona, mapacha wasiosikia na mtoto mwenye kifafa, chini ya mwalimu mmoja mpole aliyesomea kilimo. Sisi wa madarasa ya kawaida tulipita pale mbio tumeziba pua, kana kwamba ulemavu huambukiza kwa harufu. Msinihukumu haraka, kuna baya zaidi.

Nilipokuwa darasa la nne alikuja mtaalamu kutoka wilayani, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni na rundo la fomu, kupima watoto ambao walimu waliwaandika kuwa "wazito". Kabula, jirani yangu wa nyumbani na wa dawati, alikuwamo. Hakuwa mzito hata kidogo. Kwao kilisemwa Kisukuma kitupu, naye alilelewa kumwangalia mkubwa miguuni, si usoni, basi darasani alionekana kama mtu aliyesinzia. Mtaalamu hakujua Kisukuma, akaomba mkalimani. Mimi, ambaye Kiswahili changu kilitoka kwenye redio ya baba na kilikuwa na maringo ya mtangazaji, nilinyoosha mkono kabla hajamaliza kuomba.

Kabula alijibu vizuri jina lake, umri wake na siku za juma. Mtaalamu akafurahi, akaegemea kiti, akamtupia swali alilodhani ni jepesi kuliko yote kwa mtoto wa mfugaji: "Haya binti, kwenu mna ng'ombe wangapi?" Kabula akainama. Akaulizwa tena. Mwishowe akanong'ona kwa Kisukuma kwamba hajui.

Kwao, kama kwetu, ng'ombe hawakuhesabiwa. Aliyewanyooshea kidole akisema mmoja, wawili, watatu, aliaminika kuwa anawaitia kifo. Jioni baba yake alisimama penye lango la zizi na kuwatambua kwa rangi: yule mwekundu mwenye baka shavuni, yule wa kijivu asiye na pembe, akikosekana ndama alijua ni nani. Kabula naye alijua. Kumwambia mgeni idadi kungekuwa utovu wa adabu na hatari kwa mali ya baba yake. Haya yote niliyajua. Lakini mbele ya mtu mwenye kalamu mbili nikaona haya tusije tukaonekana washamba.

"Anasema hajui, Mwalimu," nikatafsiri.

"Hajui kuhesabu?"

"Ndiyo, Mwalimu."

Ulimi hauna mfupa, wahenga walisema. Wangu siku ile ulivunja mtu. Jumatatu dawati langu lilikuwa na nafasi, na Kabula alikuwa ghalani akifundishwa kusuka mikeka. Nilipigwa na butwaa. Nilidhani karatasi ile ingekwenda wilayani ikapotea kama karatasi nyingine zote. Kumbe ya kumpoteza mtu haipotei. Nilishtuka zaidi niliposikia kwamba watoto wa ghalani hawaorodheshwi kwa mtihani wa darasa la nne, na asiyeufanya haendi la tano.

Mama yake alikuja. Nilikuwa ofisini nikirudisha chaki, nikamwona akipiga magoti mbele ya mwalimu mkuu kama desturi inavyotaka.

"Mwanangu huchunga kundi zima peke yake," alisema. "Hajapoteza hata ndama. Mjinga anaweza hivyo?"

"Mama, mimi nakuelewa. Lakini fomu imeshafika wilayani."

"Basi andikeni nyingine."

"Fomu haiandikwi mara mbili, mama."

Nilisimama pale na vumbi la chaki mikononi. Sentensi moja tu ingetosha. Niliaga kwa adabu nikatoka.

Mtihani ulifanyika bila Kabula. Mimi niliendelea hadi chuo kikuu, ambako, Mungu anisamehe, niliwahi kuandika insha ndefu juu ya haki ya elimu na kupata alama nzuri sana.

Mwaka jana Kabula, ambaye siku hizi anauza mchele sokoni Bariadi, alinipigia simu. Mjukuu wake anachelewa kujibu darasani, shule imetaka apimwe, na yeye anataka msomi wa kumsindikiza. Nusura niiangushe simu. Kati ya wasomi wote!

Mpimaji tuliyemkuta alikuwa dada mmoja kijana. Aliuliza maswali kwa Kisukuma, akapima masikio kwanza, akamuuliza bibi habari za nyumbani. Mtoto aliponyamaza nilifungua kinywa kumsaidia. Kabula akanibana goti. "Wewe tulia, Dada Msomi." Dada yule akangoja. Kumbe sikio la kushoto ni zito. Akaandika mtoto abaki darasani mwake, akae mbele. Dakika arobaini hivi. Kabula alipimwa kwa muda wa kuchemsha chai, na mkalimani wake alikuwa mimi. Fomu bado zipo, na najua ziko shule ambako hakuna anayengoja. Siwezi kusema dunia imepona.

Nje, tukingoja bodaboda, Kabula alimfunga mtoto kamba za viatu, kisha akanitazama usoni.

"Siku ile ulijua kwa nini nilisema sijui."

"Nilijua."

"Na mama alipopiga magoti?"

"Nilikuwepo."

"Najua ulikuwepo. Alikuona." Akasimama akijikung'uta goti. "Amekufa akingoja uje nyumbani useme."

Bodaboda ilifika. Akapanda na mjukuu wake katikati, akamwambia dereva aende polepole, nami nikabaki kando ya barabara na Kiswahili changu chote.