Nilivyofuatilia Wagonjwa wa Ubongo hadi Vidunda

Siku yangu ya kwanza kazini, Mganga Mkuu wa Wilaya alinipeleka kwenye chumba cha majalada cha hospitali yetu ya Kilosa, akanionyesha rafu ambazo mchwa walikuwa wameshazianza. Akasema, "Binti, hawa wote ni watu. Usiwaite makaratasi." Cheo changu kilikuwa mtunza kumbukumbu za wagonjwa. Mama yangu hakukielewa, akawaambia majirani kuwa mimi ni nesi, nami sikumsahihisha.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa kituo cha afya Mikumi. Soko huria lilikuwa limeshamiri, maduka ya watu binafsi yanaota kando ya barabara kuu, na simu za mkononi zimeanza kuingia, ingawa kupata mtandao ilibidi upande kichuguu nyuma ya kituo. Ndipo alipokuja Daktari Bingwa wa upasuaji wa ubongo kutoka Dar es Salaam, na orodha ya watu wa wilaya yetu aliowahi kuwapasua. Wote walikuwa na saratani kali ya ubongo. Alitueleza kwamba uvimbe ukishatolewa, kipande chake huhifadhiwa ndani ya nta, na miaka mingi baadaye maabara inaweza kusoma humo jeni, yaani maelekezo yaliyomo ndani ya kila chembe hai. Alitaka kujua kama kuna alama za jeni zinazoonyesha nani ataishi zaidi. Nta alikuwa nayo. Alichokosa ni mtu wa kwenda kuona nani yuko hai.

Nikawa mimi. Kimamba nilikwenda kwa treni, Zombo kwa baiskeli, Vidunda kwa miguu. Nilijifunza mapema kwamba huulizi mlangoni kama mgonjwa amekufa. Unasalimia, unakaa, unakunywa uji ukipewa, na habari inakuja yenyewe. Nyumba nyingi habari ilikuwa ya msiba. Hata hivyo baadhi ya ndugu walifarijika kwamba hospitali bado inalikumbuka jina la mtu wao.

Vidunda nilipanda mlima asubuhi nzima. Nilimkuta mama mmoja akipalilia mahindi kwenye mteremko ambako mimi nilishindwa hata kusimama sawasawa. Nikamwamkia, nikamwambia natafuta kwa Mama Mariamu, aliyepasuliwa kichwa miaka sita nyuma.

"Ndiye mimi," akasema. "Kichwa kilishapona. Sasa nasumbuliwa na nyani."

Nilisahau maswali yote niliyoyaandika. Nikakaa pale pale kwenye udongo nikacheka, naye akacheka.

Majibu ya maabara yalipofika, Daktari Bingwa alinieleza kuwa uvimbe wa Mama Mariamu ulikosa vipande viwili vya kromosomu, zile nyuzi zinazobeba jeni. Uvimbe wa namna hiyo, ingawa ni mkali, huelekea kusikia mionzi na dawa, na mwenye nao huweza kuishi miaka mingi kuliko wenzake. Nikampelekea habari hiyo kwa furaha, naye akawasimulia majirani.

Hapo nilikosea, sikumweleza yote. Waliosoma wakasema jeni ni kitu cha kurithi. Binti yake mdogo, Asha, alikuwa ameposwa na kijana wa Mikumi, na upande wa mwanamume wakaanza kusitasita. Shangazi wa kijana alikuja ofisini kwangu, akaniuliza kwa upole kama wajukuu watazaliwa na ugonjwa ule. Niliumia, maana neno lile nililipandisha mlimani mimi mwenyewe. Lakini siri ya mgonjwa haitolewi bila ruhusa yake. Nikamwomba anisubiri, nikarudi Vidunda.

Mama Mariamu alinisikiliza, akaweka jembe chini. "Wakusanye. Waeleze yote nikiwepo."

Niliporudi Mikumi nilipanda kichuguu nikampigia Daktari Bingwa, nikaandika alichosema neno kwa neno. Jumapili, nyumbani kwa shangazi, Mama Mariamu akiwepo, nikawasomea: kasoro ile ilizuka ndani ya uvimbe wenyewe. Mama Mariamu hakuzaliwa nayo, wala hakumrithisha mwanawe.

Shangazi akauliza, "Kwa hiyo ni kama kovu?"

"Ndiyo, shangazi. Mtoto hazaliwi na kovu la mama yake."

"Basi tupange siku," akasema.

Harusi niliicheza mpaka kisigino cha kiatu kikang'oka.

Ninyi mnaoanza kazi leo mna kompyuta, na alama zinazosomwa ni nyingi kuliko zile. Ninachowaomba ni kwamba mkibeba jibu, bebeni na maelezo yake. Na wale niliowaandika "amefariki", msiwaone wamepotea bure. Bila wao tusingejua Mama Mariamu alitofautiana na nani.

Niliendelea kumtembelea kila mwaka na fomu yangu. Siku niliyoagwa Mikumi, alishuka mlimani na mtoto wa Asha mgongoni. Mganga Mfawidhi, mkuu wa kituo chetu, akamuuliza kama sisi ni ndugu.

"Huyu kila mwaka anakuja kuangalia kama nipo," akajibu. "Leo nimekuja kuangalia kama yupo yeye."