Mume Wangu Alipoanza Kutwanga Sombe

Shamba letu la mihogo liko mwendo mfupi kutoka Kabambare, na kila jioni nilirudi nyumbani na kitunga mgongoni, kamba yake ikinikaza paji la uso. Siku moja nilipoinuka nacho, kitu kilishtuka kiunoni. Maumivu yakashuka nyuma ya paja mpaka kidole gumba cha mguu wa kushoto, yakichoma kama maji ya moto.

Baadaye mguu ukafa ganzi. Kandambili ilinitoka njiani nisijue, watu wakanikimbilia nayo. Wengine walisema nimerogwa. Mume wangu hakubishana nao. Alitafuta pikipiki, akakaa nyuma yangu akinishika, tukaenda hospitali ya Kasongo. Kila shimo lilinitoa machozi.

Daktari aliniambia nitembee kwa visigino. Nikashindwa.

"Mama, mufupa wa mugongo unafinya mushipa," akasema. "Utapata nafuu polepole. Lakini kubeba muzigo muzito, basi."

"Sasa mihogo ataibeba nani?"

"Si niko hapa?" mume wangu akajibu, kabla daktari hajafungua kinywa.

Mihogo aliibeba kwa baiskeli. Lakini kutwanga pia kulinishinda. Kila pigo la mchi lilinipanda hadi shingoni. Jioni moja akauchukua mchi, akasimama uani, akaanza kutwanga sombe, yale majani ya mihogo, mbele ya majirani. Dada yake mkubwa akapita, akasimama kinywa wazi.

"Ndugu yangu, bibi yako alikufa?"

"Hapana, dada. Iko pale kwenye kiti, ananingojea nimupikie."

Nilicheka mpaka kiuno kikauma. Sombe yenyewe ilikuwa na vijiti, tuliitafuna kama mbuzi, dada naye akala. Siku hizi mume wangu anaitwanga laini kuliko mimi, na anajua.

Mguu haukurudi wote. Masika yakianza, moto ule hunitembelea tena, na mahali pa mteremko nashika fimbo. Nalima mboga ya lengalenga nyuma ya nyumba, nimekaa kwenye kigoda, jembe langu fupi. Naswali nimeketi. Adhuhuri nikishaswali najilaza kwenye mkeka, miguu nimeiegemeza juu ya kiti kama daktari alivyonifundisha, na mume wangu hukaa kando akinipa habari za sokoni: nani kaoa, samaki gani wamefika kutoka Lualaba. Mara nyingi usingizi hunichukua kabla hajamaliza.