Kamera Niliyoitukana Studio

Nyie vijana mtakaosoma haya, chekeni kwanza, kisha msikie. Binti yangu Tabitha, mpiga picha wa hapa Kasulu, alinunua kamera iliyokuwa imetoka juzi tu. Nikamwambia, “Kitu kipya hivyo kitakuaibisha.” Akaingiwa na hofu, akaenda harusini Kibondo na ile ya zamani.

Siku hiyohiyo dada yangu akaja kuniaga, anarudi Burundi. Ni mzee, miguu imekwisha, hatutaonana tena. Nikachukua ile mpya. Nilimwona vizuri kwenye kidirisha cha kuchungulia, nikabonyeza weee. Akapanda gari la Munanila, kule mpakani.

Nikaipeleka studio wanisafishie picha. Zote nyeusi! Nikapayuka mbele ya wateja, “Si nilisema? Mbovu hii!”

Fundi akabandua kifuniko mbele ya lenzi. “Bibi, ulipiga na hiki? Kidirisha chake kiko pembeni. Wewe unaona, yenyewe haioni.”

Wateja wakacheka. Mimi nilitaka uso wa dada yangu tu.

Nyumbani nikaamuru: mgeni akipigwa picha, haondoki uani hadi isafishwe na aonyeshwe, hata kama atalala.