Kapteni Nakuja wa Kitengela

Saa moja na nusu asubuhi, Ijumaa, Wanjala anapanda ngazi ya mbao nje ya duka la Nasro mjini Kitengela. Mkononi ana mkebe wa rangi nyeupe. Amekuja kumfuta shujaa wake.

Shujaa huyo, mchoro wa ukutani, anaitwa Kapteni Nakuja. Ana misuli kama magunia ya viazi, chupi ameivalia juu ya suruali, na joho lake limeshonwa kwa mabango ya kampeni. Kupaa anajua. Shida ni moja: ukimwita, anasema "Nakuja" halafu anapaa kwenda upande ule mwingine.

"Leo Kapteni ameenda wapi?" Mbeke, muuza mboga, anauliza kutoka kwa foleni ya mitungi ya maji.

"Semina," Wanjala anajibu bila kugeuka.

Mwanamume huyu wa miaka 52 hujipatia riziki kwa kuchora mabango ya vinyozi na bucha. Katuni ya ukutani aliianza mwaka jana, mfereji wa maji wa mtaa ulipokauka, akatumwa na majirani kupeleka barua ya malalamiko ofisi ya kaunti.

"Mkubwa akachukua ufunguo wa gari, akaniambia, 'Mzee, nakuja.' Nikakaa kwa hiyo benchi mpaka soja akafunga geti. Huku kwetu mtu akisema nakuja, ujue anatoka. Lakini sisi wengine hurudi."

Barua ya maji haijajibiwa hadi leo. Picha ilijibiwa ndani ya siku mbili, mara tu Kapteni alipoongezwa kitambi na miwani. Picha ifutwe kufikia Ijumaa, ofisi iliandika, la sivyo leseni ya duka haitafanywa upya. Mitungi mitupu hawaioni wenye vyeo, ila miwani yao wanaitambua.

"Niko na watoto watano na hili duka tu," anasema Nasro.

"Sikulaumu, mama," Wanjala anamwambia.

Kufikia saa nne ukuta ni mweupe, isipokuwa neno moja pale chini: NAKUJA. Wanjala anachovya brashi. Nasro anatoka na ile barua ya ofisi mkononi.

"Hilo liache. Wameandika picha. Hiyo si picha."

Kesho Wanjala ataenda kwa Metito, muuza maji, ambaye amempa ubavu wa mkokoteni wake wa punda achore anavyotaka.

"Huo unaingia kila ploti," anasema akiondoa ngazi. "Sasa Kapteni atafika. Na atafika na maji."