Mpini Usiochomoka

Hasira hasara, walisema wahenga, lakini wahenga hawakuwahi kuwa na mdogo wao anayeshuka ndani ya tangi la kuchemshia sabuni na kulikwangua kwa koleo. Mama Spana alikuwa naye, kitinda mimba wa mama yao, aliyemlea tangu akiwa hajui kujifuta kamasi. Kiwandani walimwita Kijiko, kwa sababu ya kukwangua huko huko. Kila tangi lilipotolewa sabuni yake, Kijiko aliteremka ngazi mpaka chini, na juu ya kichwa chake lilichungulia bomba la kostiki, yale maji makali ya moto yanayogeuza mafuta kuwa sabuni na ngozi kuwa kidonda. Kati ya maji hayo na kichwa cha Kijiko palikuwa na valvu moja tu. Sasa niambie wewe kama ungetulia.

Mama Spana alikuwa fundi bomba wa kiwanda. Aliingia pale kama mfagiaji, akawa anashika taa wakati mafundi wamelala chini ya mabomba, mwisho akawa anawaambia wanafunga nati ya kushoto kwa mkono wa kulia. Mumewe hupenda kulalamika kwamba yeye ni mume mdogo, mume mkubwa ni spana. Mama Spana humjibu kwamba spana haikoromi.

Alipoanza kazi, valvu zote zilikuwa za gurudumu. Unazungusha, unazungusha, jasho linakutoka, na lango la ndani linashuka kwa uvivu kama mtoto aliyetumwa dukani wakati wa mchezo. Hata likifika chini, shingo ya valvu inavuja. Alama za kuungua kwa mvujo huo zimejaa mkono wake wa kulia, kuanzia kifundo hadi kiwiko. Alizitukana valvu hizo kwa maneno ambayo mama yake hakumfundisha. Akamsumbua meneja kwenye kila mkutano, akamsumbua mlangoni, akamsumbua hata kwenye msiba wa mtu, mpaka meneja akaagiza valvu mpya ili apumzike.

Zilitoka kwenye karakana ya kusubu vyuma upande wa pili wa mji, na Mama Spana alizifuta vumbi mojamoja kwa kitambaa kama anayekausha mtoto. Hazikuwa na gurudumu. Ndani yake mlikuwa na tufe la chuma lenye tundu katikati, na juu mpini mrefu. Mpini ukilala sawasawa na bomba, njia iko wazi. Ukikingama, njia imefungwa. Mkono mmoja, robo ya mzunguko, basi. "Mwenye macho haambiwi tazama," aliwaambia wenzake siku ya kuzifunga, na usiku ule alilala usingizi mzito kuliko mumewe.

Waliomharibia ni watu wake mwenyewe, na hilo ndilo lililomkereketa kuliko yote. Njia kati ya matangi ni nyembamba, na mipini ile mirefu ilichomoza kwenye njia. Toroli za sabuni ziliigonga. Ovaroli zilinasa na kuchanika. Basi wajanja wakafungua nati, wakaichomoa mipini yote, wakaitupa stoo, wakabakiza mmoja wa kutembea nao. Ukitaka kufunga valvu unauchomeka juu ya kile kichwa cha chuma cha pembe nne, unazungusha, unauchomoa, unaupeleka kwingine. Asiyekuwa nao alitumia spana. Mama Spana alipiga kelele, wakacheka. Akairudisha mipini, wakaichomoa tena. Akaenda kwa meneja, meneja akabandika tangazo, na tangazo likatumika kufungia karanga.

Mwanafunzi wa darasa la tatu angeona hatari iliyopo hapo. Kichwa cha pembe nne hupokea mpini kwa kila upande. Ukiuchomeka umekingama, utakingama, hata kama ndani njia iko wazi. Mpini ule haukuwa tena na habari yoyote ya kumwambia mtu.

Na kulikuwa na jambo jingine, la wale watu wa kiwanda na wala si la chuma. Pale, mwenzako akikwambia "nimefunga," imefungwa. Kwenda kuangalia nyuma yake ni kumwita mwongo mbele ya watu, na kuna waliowahi kununiana mwaka mzima kwa kosa hilo. Walijisifu kwa desturi hiyo. Walisema wanafanya kazi kama ndugu.

Siku ya balaa, Kijiko alisimama mdomoni mwa tangi na koleo lake. Rafiki yake wa chanda na pete, bwana mmoja mkimya hadi wakamwita Kimya, ndiye aliyekwenda kufunga kostiki. Hakujua kwamba zamu iliyotangulia ilikwisha kuifunga kwa spana. Aliuchomeka mpini akiulaza sawa na bomba, kwa kuwa alidhani njia iko wazi, akauzungusha robo, ukakingama. Yaani mtu yule, kwa nia njema na mikono yake miwili, alifungua.

"Nimefunga," alisema.

Kijiko akashuka. Hapakutoka kitu, maana pampu ilikuwa imezimwa. Alikuwa ameshakwangua nusu ya sakafu mtu alipowasha pampu kwa ajili ya tangi la jirani. Mguu wa kushoto uliungua kuanzia paja mpaka vidole. Alipona uso kwa sababu alikuwa ameinama upande wa pili, na sababu hiyo ndogo Mama Spana hawezi kuifikiria mpaka leo bila kutaka kuvunja kitu.

Hospitalini alikaa kando ya kitanda akibadilisha watu wa kuwachukia. Aliwachukia waliochomoa mipini. Alimchukia meneja na tangazo lake. Kimya alipokuja na mfuko wa machungwa, akainamisha kichwa na kusema, "Shikamoo, dada," Mama Spana aliangalia ukuta. Marahaba hakuitoa. Kimya akaweka machungwa chini, akaondoka kinyumenyume.

Meneja aliita watu wa karakana. Akaja mwanamke mwenye miwani, ndiye aliyekuwa akichora valvu zile kabla hazijasubiwa. Mama Spana alimngoja pale pale kwenye njia ya matangi, amejishika kiuno.

"Dada, hii ndiyo valvu yako?"

"Ndiyo."

"Imempika mdogo wangu."

Mchoraji alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Nimesikia, na nimesikitika sana. Lakini juu ya kile kichwa kuna mstari tuliouchonga. Ukiuangalia, unajua njia iko wazi au imefungwa hata bila mpini."

"Mstari!" Sauti ilitoka mpaka wa kwenye mashine za kukatia wakageuka. "Njoo nioneshe mstari. Njoo hapa!"

Akamvuta mkono. Kichwa cha valvu kilikuwa kimevaa sabuni iliyokauka na grisi nene. Mchoraji alikwangua kwa ukucha, akakwangua tena. Mstari ukatokea mwembamba kama unywele.

"Haya, nimeona," alisema. Kisha naye akapandisha. "Na wewe mama nijibu. Nani alitoa mipini? Mimi nilitoka kwetu usiku nikaja kuichomoa? Tumeuza valvu ina mpini, nati na alama. Mmeivua nguo, halafu mnaniuliza mbona iko uchi!"

Maneno yale Mama Spana alikuwa ameyasema yeye mwenyewe mara chungu nzima. Kabla hajajibu, toroli iliyojaa miche ya sabuni ilikata kona na kumgonga mchoraji kwenye nyonga. Alishika bomba asianguke. Mtu wa toroli akaomba radhi, akapita, njia ikabaki ikinuka jasho na sabuni.

"Toroli hupita hapa kila mara?" mchoraji aliuliza, akijisugua nyonga.

"Kutwa nzima."

"Na mpini wangu unatokeza mpaka hapa." Alipima kwa kiganja chake hewani. "Mimi nilichora valvu. Njia sikuiona."

Alitoa futi ya kukunja mfukoni, akaanza kupima njia. Mama Spana alikuwa bado na hasira, lakini alimshikia ncha ya pili ya futi.

Valvu alizoleta baadaye zilikuwa na umbo jingine. Mpini ulikuwa mfupi na umepinda juu, haugusi toroli wala ovaroli. Kichwa hakikuwa tena cha pembe nne. Upande mmoja kilikatwa bapa, mpini ukaingia kwa namna moja tu. Juu yake pini ilizamishwa ndani, ukitaka kuuchomoa sharti uing'oe valvu nzima kwenye bomba. Shingoni paliwekwa bamba lenye tundu, na mpini nao tundu. Ukikingamisha, matundu mawili yanakutana, na mtu anapitisha kufuli. "Anayeingia kwenye tangi afunge kufuli lake," mchoraji alieleza, "na ufunguo ashuke nao mfukoni." Wajanja walijaribu mipini siku hiyo hiyo, kwa spana, kwa nyundo, hata kwa bomba la kuongezea nguvu. Haikutoka. Mama Spana aliwatazama mpaka wakachoka, akawaokotea spana zao.

Kijiko alirudi kazini akichechemea, mguu una rangi mbili. Aliyeumwa na nyoka, husema watu, hushtuka hata akiona unyasi. Kijiko hakushtuka na unyasi wala nyoka mwenyewe. Asubuhi ya tangi lake la kwanza, Mama Spana alimpa kufuli, naye akalirudisha.

"Siliweki, dada."

"Unasemaje?"

"Anayefunga ni Kimya. Nikiweka kufuli juu ya mkono wake, watu watasema nini? Kwamba nimemfanya muuaji. Tangu siku ile hali vizuri, hacheki na mtu. Nimemwambia yamekwisha. Sasa nimwekee kufuli usoni?"

"Mguu wako umeuona?"

"Ni wangu."

"Si wako!" Mama Spana alipiga bomba kwa spana, kishindo kikaenda mpaka mwisho wa jengo. "Nimeuosha mimi mguu huo ukiwa hauna hata kiatu! Nimeuosha tena hospitali ngozi ikitoka na bandeji! Nimegombana na meneja, nimegombana na watu wa karakana, watu wamebadilisha chuma kizima kwa ajili yako, na wewe unaniletea aibu ya watu? Bora waseme! Waseme mpaka midomo iote sugu! Nenda kaburini na heshima yako, mimi sitakuja kukuzika!"

Watu walikuwa wamesimama. Kijiko aliangalia chini, akaweka mguu kwenye ngazi, na kufuli lilibaki mkononi mwa dada yake. Alikuwa ameamua. Mama Spana alimjua. Kitinda mimba yule alianza ukaidi kabla ya kuota meno.

Kimya alikuwa ameshika mpini. Aliukingamisha, akauvuta kuona kama umeshika. Wote walimngoja aseme lile neno lake. Hakulisema. Alikuja mpaka kwa Mama Spana, akalichukua kufuli kwenye vidole vyake bila kumwangalia, akamfuata Kijiko kwenye ngazi na kumwekea mkononi.

"Funga," alisema.

"Kaka, mimi nakuamini."

"Najua. Hata mimi nilijiamini." Sauti yake ilikuwa ndogo, ikabidi watu wasogee. "Siku ile nilikuwa na uhakika kama huu wa leo. Huu huu, ndugu yangu. Hakuna kilichopungua."

Kijiko alitoa mguu kwenye ngazi, akachechemea mpaka kwenye valvu, akapitisha kufuli na kulibana. Ufunguo akautia mfukoni. Kisha Kimya mwenyewe akalivuta kufuli lile mara mbili, mbele ya watu wote, na alipomaliza akampisha Mama Spana naye alivute.