Aliyemaliza Vyake

Dorotea, jirani yake Wankyo, alisema yule mpima pamba analalaga na karata chini ya mto, ati zisimsahau. Wankyo hakubisha. Kila Jumapili baada ya ibada aliuza karanga kando ya ghala la pamba pale Bunda, mtoto wake Kija mgongoni, akimtazama mpima pamba akiwagawia wanaume karata kwa vidole vilevile vya kusogezea jiwe la mizani. Mwenyewe hakucheza kamwe. Mtu akiweka dau lake la mwisho, alilitenga rundo la dau mafungu mawili kwa ubavu wa kiganja: hili huyu anaweza kulila, lile ni la wanaoendelea kupandishiana dau. "Aliyemaliza vyake hapandishiwi," alisema, kwa sauti ya mtu anayesoma kilo.

Jumapili ile Mayala, mumewe Wankyo, aliishiwa, akamweka dau ng'ombe wao pekee aliyesalia tangu wahamishiwe kijiji cha ujamaa. Maziwa yake ndiyo yaliyomlea Kija titi lilipokauka. Bernado, mmoja wa wachezaji, akashinda, akadai na ndama. "Ndama hakutajwa," mpima pamba akamkatiza. "Aliyemaliza amemaliza." Wanaume wakaisifu haki yake. Asubuhi mpima pamba alikuja kumchukulia Bernado ng'ombe wake, shati limepigwa pasi, kamba mkononi. Mayala hakutoka ndani. Ng'ombe akampiga teke, akamrudia tena, ndama akilia zizini. Mpima pamba akajipangusa tope, akamnyooshea Wankyo kamba kwa mikono miwili, kwa adabu.

"Shemeji, nisaidie kumtoa. Wewe amekuzoea."